Mawe Yangu Chini ya Altare

Vijana wa kamati ya ujenzi walikuja kwangu Lipangalala, hapa Ifakara, mchana, nimeinjika maharage jikoni. Walikuwa watatu: Fidelis wa Romana, Agripina anayesoma matangazo kanisani, na yule mrefu, Joakim, mjukuu wa marehemu mwalimu Oktavian aliyekuwa katekista wetu. Shikamoo bibi, marahaba wanangu, wakakaa. Wakanieleza kwamba kigango cha zamani kimeanza kubomolewa, linajengwa kanisa kubwa, na siku ya kuweka jiwe la msingi wanaomba nisimame niwasimulie watoto habari ya nadhiri yangu. Agripina akanishika mkono kabisa. "Bibi, kizazi hiki hakijui kujitoa," akaniambia. "Wasikie kutoka kwako." Nikasema sawa, nitasema. Walipoondoka maharage yameshika chini, nami sikuwa nimeinuka kuyaepua. Nadhani waliona ni uzee. Si uzee. Ni hasira niliyoishi nayo tangu mwaka ule uliotangulia mvua za Elnino, hasira ambayo mtaa mzima unaiita utakatifu.

Shule niliishia darasa la nne, kule Mahenge, lakini majina hayanitoki. Nikishamjua mtu simsahau, wala alichosema, wala alikuwa amekaa upande gani wa chumba. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni kama kilivyokuwa, na aliye hai bado akilikuta jina lake asije kuniambia nimezeeka.

Mwaka ule nilikuwa nimevuka hamsini. Gaudensia, kitinda mimba wangu, alikuwa ameolewa Mlimba, na nyumba ikabaki na mimi na mume wangu Bonaventura, ambaye watu walimwita Baba Desi kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, Desderi. Mama Desi ndiyo mimi. Katikati ya kiangazi nilikwenda Mahenge kwenye msiba wa mama yangu mdogo, na baada ya kuanua matanga nikabaki siku chache kwa Tekla, rafiki yangu wa tangu tunaota meno. Asubuhi moja tukateremka kijitoni kufua. Ndipo Tekla aliponikumbusha kwamba tulipokuwa wasichana tulikuwa tukitumwa maji tunarudi na mawe, ndoo nusu maji nusu mawe, na mama yake anayamwaga uani huku akituuliza kama tunataka kuolewa na mlima. Kisha tukaolewa, na watu, na habari ya mawe ikaishia hapo. Miaka yote ya kulea na kulima sikuikumbuka hata siku moja. Asubuhi ile tuliacha nguo kwenye jabali, tukakunja vitenge, tukaingia majini, wanawake wenye wajukuu, tukawa tunageuza mawe kwa miguu na kucheka. Chini ya mzizi nikaona weupe. Nikavuta. Lilikuwa jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, jeupe, la chengachenga kama chumvi ya mawe, na ukiligeuzia jua unaona ndani yake punje nyekundu, nyekundu ya kweli, kama damu ya kidole kilichochomwa sindano. Tekla akasema wachimbaji wangelipasua wazitafute zile punje. Nikamwambia hili halipasuliwi. Nikalifunga kwenye kitenge, nikalitia kikapuni chini ya ndizi, na kwenye pantoni, tunavuka Kilombero kurudi Ifakara, baba mmoja aliyenisaidia kunyanyua akaniuliza nimebeba nini kizito hivi. Nikasema chumvi. Nilijisikia kama msichana aliyetoroka kwao.

Asiyelijua bonde letu anaweza kushangaa. Ifakara hakuna mawe. Ni udongo mweusi na mchanga wa mto. Chimba shimo la choo mpaka kichwa kizame, hutapata jiwe la kumrushia kunguru. Mafiga tunafinyanga kwa udongo wa kichuguu, na mtoto wa huku anaweza kuanza shule hajawahi kujikwaa. Kwa hiyo jiwe lile, nilipoliweka upenuni nyuma ya jiko, lilikuwa kama mgeni aliyetoka nchi nyingine, nami nikaanza kumtafutia wenzake. Nilikuwa nikipanda treni kwenda Mlimba kumwona Gaudensia, na mara nyingine naendelea mpaka Uchindile na mchele wangu, narudi na maharage. Kule reli imepita katikati ya mlima. Waliukata, na ubavu wake uko wazi kama mkate. Wenzangu wakisubiri treni kivulini, mimi nakwenda kwenye ule ukuta na nyundo ya mume wangu ya kupigilia misumari. Majina ya kitaalamu sikuyajua. Ulanga niliujua, ule wa matabaka unaobanduka kama maganda ya kitunguu na kung'aa. Lile jeusi laini linalochafua vidole kama penseli sikulijua. Siku hizi redio inasema madini ya kinywe, madini ya kinywe, kumbe nilikuwa nayo kwangu. Nilikuwa na njia zangu. Jiwe nalilowesha kwanza, maana jiwe kavu linaficha. Nalikwaruza kwa msumari nione nani anamshinda nani. Nalipima mkononi, kwa sababu kuna dogo zito na kubwa jepesi. Naligonga pembeni, polepole, niangalie ndani. Nje linaweza kuwa kama kiazi kilichooza, ndani limejipanga mistari mieusi na mieupe kama mkeka. Halafu nalisugua kwa majivu na ndimu. Jioni, vyombo vikishaoshwa, nakaa nayo kwenye kigoda, nalishika hili, nalishika lile, najiuliza nani aliyapika, kwa moto gani. Basi. Sikutaka kuyauza, sikutaka mtu ayasifie. Nilikuwa nimelea, nimelima, nimepika misiba ya ukoo mzima. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza nilichowahi kufanya ambacho hakikumshibisha mtu yeyote.

Maneno yalianzia mashineni, kwenye kukoboa mpunga. Nilikuwa kwenye foleni, nimeketi nyuma ya magunia, hawakuniona. Nikamsikia Witilia, mke wa Severini, akimwambia Mama Kamili kwamba mimi yale mawe nayanywesha damu ya kuku. Mama Kamili akasema hapana, yule ana rubi, amezificha ndani ya mawe ya kawaida ili mume asijue. Wote wawili walikosea, na wote wawili waliaminiwa. Kilabuni nako wakamkalia Baba Desi. Melkiori fundi baiskeli alikuwa akimwuliza kila jioni kama leo kwake wamepika mawe ya kuchemsha au ya nazi. Mwingine akamwambia mkeo ameolewa na reli. Sasa mume wangu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa shati lililopigwa pasi. Kucheka na watu aliweza, kuchekwa hakuweza. Lakini hakuniambia niache. Angeniambia tungegombana, tungenuniana wiki, yangekwisha. Alifanya lingine.

Alhamisi moja jumuiya ilisali kwetu. Wao sebuleni, mimi jikoni na birika la chai na mihogo ya kuchemsha, na kwa kuwa ukuta wa katikati haukufika juu, kila neno lilinifikia. Baada ya sala mwalimu Oktavian akasema kigango chetu cha udongo kimechoka, kitajengwa cha matofali, na kwa msingi kila nyumba ilete debe la mawe. Kisha mtu akauliza, "Mawe yatoke wapi, mwalimu, tukachote Mahenge?" Wakacheka. Ndipo nikasikia kiti cha Baba Desi kikisogea, na sauti yake ile ya kusomea somo.

"Ndugu zangu," akasema, "mmesema mengi juu ya mke wangu, na mimi nimenyamaza kwa sababu yeye alinikataza. Leo nasema. Yale mawe ni nadhiri. Gaudensia alipopona homa ya kichwa, mama yake aliahidi kukusanya mawe ya nyumba ya Mungu, moja moja, kwa mikono yake. Sasa Mungu mwenyewe ameyaita."

Gaudensia hakuwahi kuugua homa ya kichwa.

Vigelegele vikapasuka mle ndani. Waliopiga nawakumbuka wote: Romana, Mama Kamili, Otilia, Skolastika wa kule Lumemo, na Witilia yuleyule wa damu ya kuku. Wakanimiminikia jikoni. Witilia akanilalia begani akilia, ananiomba msamaha kwa mabaya aliyoniwazia, machozi yake yananiingia shingoni, na mimi nimeshika birika la moto sina pa kulitua. Ningesema nini? Kwamba mume wangu mwongo, mbele ya jumuiya yake, ndani ya nyumba yake? Halafu mimi mwenyewe nirudi kuwa mchawi kabla chai haijapoa? Alijua sitasema. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Kama angekuwa mjinga ningemsamehe. Alikuwa ananijua vizuri.

Jioni ile nilimpikia wali na samaki kitoga wa nazi, kwa sababu ndicho kilichokuwepo, na akala kwa raha kama mtu aliyemaliza palizi. Mimi sikugusa. Nikamwambia umetoa mali yangu bila kuniuliza. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, sikuona hila, na hilo likanizidishia.

"Mali? Mawe, Mama Desi?" akasema. "Walikuwa wanakuita mchawi. Kuanzia leo wanakuita mtakatifu. Unataka nini zaidi?"

"Nilitaka mawe."

Akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. Nikamwomba aniachie lile jeupe peke yake, mengine yaende. Akatikisa kichwa kwa upole, kama baba anayemkatalia mtoto peremende. "Nadhiri haipunguzwi," akasema. Alikuwa ameshaanza kuuamini uongo wake, kabla hata ya kunawa mikono.

Jumamosi wanawake wakaja na ngata vichwani, wakayabeba huku wanaimba. Kila mmoja alipita mbele yangu, na mimi nilikuwa natajwa kwenye wimbo kama bibi harusi. Skolastika alibeba la Uchindile lenye mistari. Otilia akatia ulanga wangu kwenye beseni ukabanduka njiani wote. Mpaka mvua ilipoufukia, njia ya kwenda kigangoni ilikuwa inameremeta jua likipiga, na watoto wakaokota vipande wakabandika usoni. Mengine mafundi waliyapasua kwa nyundo kubwa yapate kukaa vizuri. Nilisimama pale, nikasikia. Lile jeupe padri alilipenda. Akasema jiwe zuri namna hii liwe la pembeni, upande wa altare, akalinyunyizia maji ya baraka, na saruji ikamwagwa juu. Watu wakipiga makofi, Baba Desi alinigeukia akatabasamu. Ninaona meno yake mpaka leo.

Atakayesoma ataniuliza, lakini si ungeweza kuokota mengine? Hajui. Nilijaribu. Nilipokwenda tena Uchindile nikarudi na jiwe moja, dogo, la kijani hafifu kama tango, nikateremka treni nalo mkononi. Kabla sijafika nyumbani nimekutana na mke wa mwalimu Oktavian, Mama Beata, akalichukua mkononi mwangu kwa furaha. "Hujachoka tu, Mama Desi? Ngoja nikufikishie kwa mafundi." Akaondoka nalo. Nikasimama njiani mkono wazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawakuchukua fungu lile tu. Jiwe lolote nitakaloinama kuliokota, popote, lilikwisha kuwa la kanisa kabla sijainuka. Nikarudisha nyundo kwenye boksi la misumari. Upenuni nikaweka kuni.

Mwaka uliofuata zikaja mvua za Elnino. Nyumba za udongo zilikaa chini kama wanawake waliochoka, mto Lumemo ukatoka kitandani mwake, na kigango kipya kikabaki kimesimama. Watu walilala humo na mbuzi wao na magunia yao, na sisi pia tulilala humo, mimi nimejilaza karibu na altare, hatua chache kutoka kwenye jiwe langu. Watoto walikuwa pakavu. Kwa hilo nilishukuru na ninashukuru. Lakini asubuhi padri akasema kwenye mahubiri kwamba nadhiri ya mama mmoja imeokoa mtaa, na wote wakageuka kunitazama. Toka hapo haikuwezekana tena kusema ukweli. Kila mwaka, siku ya mtakatifu somo wa kigango, nikatajwa. Watoto wa mafundisho wakaletwa kunisalimu. Baba Desi alipofariki, kwenye ibada ya mazishi alisifiwa kwa kumruhusu mkewe kutimiza nadhiri. Kumruhusu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimefunikwa kanga, wakadhani nalia.

Tekla alikuja siku moja kabla ya sherehe, kwa basi kutoka Mahenge. Siku hizi kuna daraja, pantoni haipo. Anatumia fimbo lakini mdomo ni uleule. Nilimhadithia yote tukichambua mchele kwenye ungo, kwa sababu hata yeye nilikuwa nimemwachia aamini ile nadhiri. Alisikiliza mpaka mwisho. "Umekaa na hilo tumboni miaka yote hii?" akaniuliza. "Mwenzangu, ungekuwa umeshazaa jabali." Tukacheka mpaka chuya zikarudi ndani ya mchele. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza nitawaambia nini kesho. Nikasema nitawaambia.

Mafundi walikuwa wamelitoa jiwe langu jeupe. Sikulitegemea hilo. Nilipofika nikalikuta mbele ya watu wote, juu ya meza, limewekwa kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, saruji imelishika karibu pande zote, weupe unachungulia mahali pamoja tu. Wangeliweka tena, kwenye msingi mpya, upande uleule. Fidelis akanishika mkono akanipeleka kwenye kipaza sauti. Nikasema Tumsifu Yesu Kristo, wakaitikia milele amina. Gaudensia alikuwa pale, mstari wa tatu, na wajukuu zangu.

"Sikuweka nadhiri," nikasema. "Gaudensia hakuugua, yule pale, mwulizeni. Niliokota mawe kwa sababu niliyapenda. Mume wangu aliyatoa bila kuniuliza, na ninyi mkayapokea bila kuniuliza. Hiyo ndiyo habari yenyewe."

Kisha Agripina akakichukua kipaza sauti, macho yamemjaa machozi, akasema, "Mnaona wapendwa? Mnaona unyenyekevu wa wazee wetu? Mpaka leo hataki sifa." Na Romana, kutoka kwenye kiti chake cha uzee, akapiga kigelegele, wakamfuata wote.

Miaka yote nilikuwa najiambia kwamba nilinyamaza, ndiyo maana hawakujua. Sasa nimesema, kwa kipaza sauti, mchana, na bado wamenifunika. Sikufikiri. Nilikwenda mezani. Tekla, sikumwambia neno, alikuwa ameshafungua kitenge chake cha juu na kukitandaza. Tukalisukuma jiwe likaangukia humo, mimi nikashika pindo huku, yeye kule, fimbo yake ameibana kwapani, tukalinyanyua kama wanavyobebwa wagonjwa.

"Umri huu tunaiba kanisani," Tekla akaninong'oneza.

"Kanyaga vizuri," nikamwambia.

Joakim akatuwahi mbele. "Bibi, samahani, hilo ni la kanisa."

"Aliyelipokea ni babu yako," nikamjibu. "Mimi sikumpa."

Akamtazama padri. Padri wetu wa sasa ni kijana, mgeni wa huku. Aliinuka kwenye kiti chake, akaja mpaka karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, unalipeleka wapi?"

"Nyumbani, baba."

Padri akainama, akaushika waya wa kipaza sauti uliokuwa umelala njiani kwetu, akausogeza pembeni tusije tukajikwaa. Tukapita katikati ya viti, polepole, tunapumzika, tunaendelea. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele.

Liko upenuni, kuni nimezihamisha. Saruji inatoka kwa shida, kwa msumari na ndimu, kidogo kila jioni, na jana imeonekana punje ya kwanza nyekundu. Tekla amenitumia salamu kwamba kile kijito bado kipo, niende maji yakipungua. Nitakwenda, nyundo ninayo. Agripina naye amekuwa akipita hapa kunisalimu. Anasimama mlangoni, shikamoo bibi, jicho linakwenda nyuma ya jiko. Namwitikia marahaba. Kiti simpi.